Fomu Kumi na Nne Nilizojaza Mimi

Mpendwa Bi Peris,

Binti yangu Nusra alipoteza karatasi ya juu ya hesabu Jumanne, tarehe 13 Januari, na naomba msaada wako haraka, kama unavyowashauri wengine wanaokuandikia, kwa sababu nataka kumrudishia na kinachonizuia nimekifanya kwa mkono wangu mwenyewe.

Watoto wa darasa la mwisho hapa hufanya mtihani wa hesabu kwa moja ya karatasi mbili, ya juu au ya chini, na ile ya chini hata uipate yote kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho daraja lako halivuki tano katika tisa, na Nusra anataka kusomea ufamasia na huko aendako hawamtazami mtu wa tano. Kwenye mtihani wa majaribio alipata 71. Wenzake wawili waliopata 64 na 66 wamebaki juu, yeye kateremshwa, na nilipomuuliza kulikoni akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba mwalimu kasema itampunguzia wasiwasi. Wasiwasi mwanangu hakuwa nao, wamempa wao.

Mimi Bi Peris nimekuja London na sanduku moja la nguo, nimefagia ofisi za Croydon miaka sita, nikashonea watu majumbani mwao, na leo nina duka langu la mabuibui Woolwich, na nyuma ya duka kuna meza ambapo Wazanzibari na Wapemba wa hapa huniletea karatasi zao niwajazie, za nyumba, za daktari, za skuli, kwa hiyo mtu akinipa maneno mimi humtaka hesabu. Nikahesabu. Walioteremshwa ni watoto 11 katika 180, Nusra kanitajia mmoja mmoja, na tisa ni watoto wa Kiafrika.

Nikamwendea diwani wetu, Bi Poonam, akasema jambo hili yuko tayari kulipeleka kwenye kamati ya halmashauri lakini anataka takwimu za skuli yenyewe, si za dukani kwangu. Nikaenda skuli. Naibu mwalimu mkuu alinipokea vizuri, chai akanipa, akanigeuzia kompyuta nilione jedwali lao: watoto wa Kiafrika 41, walioteremshwa wawili. Asilimia tano haifiki, na wastani wa darasa zima ni sita.

"Unaona, mama," akaniambia. "Kama kuna upendeleo, basi unawapendelea watoto wenu."

Nikatazama mstari wa chini kabisa, ambao yeye hakunionesha. Uliandikwa "wazazi hawakupenda kusema asili yao": watoto 17, walioteremshwa saba. Bi Peris, katika hao 17, kumi na wanne nimewaandika mimi, na wale saba wote wamo.

Marehemu baba yangu alikimbia Pemba kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye orodha, na kabila lake pembeni, na mpaka anakufa alikuwa akituambia mtu akikuuliza wewe kabila gani muulize kwanza analitakia nini, basi kila fomu ya skuli iliyofika mezani kwangu, nikifika kwenye kile kisanduku cha asili, nilitia tiki "sipendi kusema" nikageuza ukurasa. Wenyewe sikuwauliza. Hata mmoja. Nikishamaliza nawaonesha pa kutia sahihi.

Warudishe wale 14 kwenye hesabu uone: Waafrika ni 55, walioteremshwa tisa, yaani zaidi ya 16 katika kila mia. Wengine wote ni 125, walioteremshwa wawili, yaani hata wawili katika mia hawafiki. Tunateremshwa mara kumi kuliko wengine, na ushahidi nimeufukia mimi.

Skuli inasema mzazi anaweza kubadilisha wakati wowote kwa kutia sahihi karatasi moja. Bodi ya skuli inakutana Alhamisi tarehe 5 Februari, saa kumi na mbili unusu jioni, na wiki mbili baadaye majina yanapelekwa kwa watungaji wa mtihani na mlango umefungwa. Karatasi hizo ninazo 14, nimeshazijaza. Watu hawa wakiona mwandiko wangu wanatia sahihi bila kusoma, nikizichanganya na karatasi zao nyingine hakuna atakayejua, na mume wangu Mbarouk ndivyo anavyotaka. "Ukijitangaza," kaniambia, "kesho hata barua ya daktari hawatakuletea. Na mimi msikitini nitamtazama nani usoni?"

Nilishaanza. Wiki iliyopita alikuja Bi Sundus, ambaye mwanawe Riyadh alipata 74 na yeye kateremshwa, nikamwekea karatasi mbele, akashika kalamu huku anasema, "Ndiyo hivyo, Ummukulthum, huyu Mungu hakumjaalia hesabu. Tushukuru alichompa." Nikaivuta ile karatasi nikamwambia nimekosea tarehe.

Pole sizitaki, ninazo za kutosha. Niambie: nizipitishe kimya tushinde, au niwaambie na tuhatarishe kushindwa? Nijibu kabla ya Jumamosi tarehe 31.

Ummukulthum, Woolwich

Mama Nusra,

Waambie. Hilo ndilo jibu. Sasa keti nikugombeze.

Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi na hesabu zako zote ziko sawa. Ningependa wanawake ishirini kama wewe katika kila mtaa wa jiji hili. Lakini kuna hesabu moja umeiruka. Fomu ni 14, na moja ni ya Nusra. Hiyo umeibadilisha? Barua nzima haisemi. Nadhani bado, kwa sababu kuwabadilishia wengine gizani ni rahisi kuliko kumwandika mwanao mchana kweupe. Anza na hiyo, leo, na uipeleke shuleni mwenyewe.

Baba yako simlaumu. Aliyefukuzwa kwa orodha ana haki ya kuziogopa orodha mpaka kaburini, na wewe una haki ya kurithi hofu yake. Kosa lako ni kuwaogopea watu kumi na watatu bila kuwauliza, na sasa unataka kuwafanyia ujasiri vilevile, bila kuwauliza.

Tena mpango wa mume wako haufanyi kazi. Nimekuwa muuguzi miaka 28, na wodini mgonjwa akitia sahihi asichokielewa, sahihi ile haina maana. Naibu mwalimu mkuu akimpigia simu Bi Sundus kumuuliza mbona umebadilisha, atajibu sijui, muulize Ummukulthum. Hapo kesi yenu imekwisha. Bwana Mbarouk anaogopa macho ya msikitini. Bi Sundus ameambiwa mwanawe hana kichwa cha hesabu, na ameamini. Wewe mwenyewe nipimie ni nani mwenye shida kubwa.

Zichane zile ulizojaza. Chukua karatasi tupu, uende kwa Bi Sundus kwanza, nyumbani kwake, si kwenye meza yako. Mwambie nilikujazia bila kukuuliza, na Riyadh alipata 74 wakati waliopata 64 wako juu. Kisha nyamaza. Atakufokea, na haki anayo. Habari za baba yako usizitoe mpaka akuulize kwa nini. Naamini akimaliza kukufokea ataitaka kalamu, na ndiye atakayekupeleka kwa wengine.

Wako watakaokataa. Waache na kisanduku chao, ila waulize kama watakuja Alhamisi kusimama kama wazazi, maana alama za mtoto wake mtu anaweza kuzisema bila kutaja kabila. Na wale wawili wengine walioteremshwa, wasio Waafrika, umewaacha kwenye hesabu kama mabaki. Nao wana mama. Watafute. Mkiingia nao, bodi haitasema hili ni la ukoo wenu. Hesabu mpya mpelekee Bi Poonam Jumatano, na umwambie za mwanzo zilipotoshwaje, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Alhamisi, mbele ya bodi, fanya hivyohivyo: sema mwenyewe kwamba fomu zilijazwa na wewe, kwa sentensi moja, bila machozi, uendelee na namba.

Wateja wachache utawapoteza, sikufichi. Ulianza na sanduku moja la nguo, hilo halitakuua.

Wanabodi wataanza kwa kukushukuru kwa kujitokeza, watasema jambo hili ni zito na watalitazama. Usikae. Uliza hivi, neno kwa neno: Kila mtoto aliyepata 64 na kuendelea atarudishwa karatasi ya juu kabla majina hayajapelekwa, ndiyo au hapana? Jibu tunalitaka kwa maandishi, na sahihi ya mwenyekiti, kabla ya Jumatatu tarehe 9 Februari, saa sita mchana.

Peris