Mkaa wa Chooni na Bwawa la Wakfu la Masaka

Nyamirambo, Kigali
12 Oktoba 2025

Mpendwa Ami Usumani,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii isomwe kwa sauti mbele ya kikao cha ukoo hapo Tabora. Kwako wewe Ami, mkubwa wetu, kwenu mashangazi, kwenu binamu zangu na watoto mlioketi mkekani: shikamooni mnaostahili, na wengine hamjambo? Goti lako limepoa? Sisi ni wazima, ila mimi, mwalimu wa miaka thelathini kazini, akili imenivurugika.

Bwawa la Masaka, alilolitoa babu wakfu ili waumini watawadhe, limekuwa kijani na linanuka. Mvua husomba mbolea ya mashamba ya juu, nayo hunenepesha mwani. Waumini huja na maji yao chupani. Wengine hawaji kabisa.

Mhandisi mmoja, binti aitwaye Umulisa, ameleta dawa: mkaa. Nilimwuliza ni wa mti gani. Akanieleza kwa adabu kwamba tope la vyooni hukaushwa, likachomwa ndani ya pipa lisiloingia hewa, likawa mkaa unaonasa mbolea iliyomo majini. Nikamwomba arudie. Akarudia, nami sikuelewa zaidi. Lakini katika pipa la majaribio ukijani ulipungua ndani ya wiki mbili, nikaona kwa macho yangu.

Gunia moja nililiweka uani, nikasahau kumwonya Shangazi Nyiraneza. Siku ya hitima ya babu mkaa wa jikoni ulimpungukia, akachota humo, akilalamika kwamba unashika moto kwa shida. Pilau ikaliwa, na imamu wa Masaka akaomba aongezewe. Kesho yake Umulisa akaulizia gunia lake.

“Yoo! Aidah, umenilisha choo?”

“Shangazi, mpishi ni wewe.”

“Na aliyerudia sahani mara mbili ni nani?”

Sasa imamu anasema kilichotokana na najisi hubaki najisi hata kikiwa majivu. Sheikh wa mtaani kwetu anasema moto umekigeuza kitu kingine, kama mvinyo ugeukavyo siki. Wote ni wasomi. Kila mmoja akimaliza kusema, naona amesema kweli.

Kaliza na Mukunde, wanangu, wanawasalimu; mpeni Binamu Alida pole ya msiba. Mola awajaalie afya na mioyo isiyo na shaka, si kama wangu.

Nimekata shauri. Bwawa likiachwa litakufa, hivyo Jumatatu magunia yataingia majini. Lakini bomba la kutawadhia litokalo bwawani nimelifunga kwa kufuli, na ufunguo nimemkabidhi imamu. Wakfu huu ni wetu sote. Siwezi kubeba udhu wa watu peke yangu. Barua ikiisha kusomwa, asiinuke mtu. Amueni, kisha mniandikie neno moja: lifunguliwe, au lisifunguliwe.

Binti yenu awapendaye,
Aidah