Mkanda wa Supachaja

Mpwa wangu fundi,

Huku wazima wote, na mimi mjomba wako ndiye mzima kuliko wote. Wiki jana bredauni langu la kuvuta magari lilitoa lori la kokoto mtaroni kwa winchi, nami nimelishika usukani kwa mkono mmoja, wa pili una kikombe cha chai. Muulize yeyote, ila mama yako usimuulize.

Lile suala la kuiongezea injini nguvu kwa turbo au supachaja nilishalikata mbele ya gereji nzima: turbo, maana inapiga mluzi na watu watajua nakuja. Wewe ukaniandikia kwamba turbo husubiri moshi wa injini ukolee, lakini supachaja huzungushwa na mkanda, inatia nguvu tangu gari linapoanza kusogea. Nikasema, mtoto wa juzi huyu. Kisha nikapandisha kilima nikivuta basi. Turbo ya kuazima ikasubiri moshi wake, nasi tukarudi kinyumenyume hadi ukutani kwa kinyozi.

Kinyozi akatoka na mkasi wake. "Mzee, mluzi tumeusikia."

Basi nimenunua supachaja. Gereji nimewaambia hiyo ni akili ya ukoo.

Mama yako anasema unataka kuacha chuo kwa mtihani mmoja uliofeli. Mimi niliachia darasa la tano, najua kuacha kulivyo. Injini nimeshaifungua, bredauni limelala, na fundi yeyote akisogea na spana namfukuza. Rudia mtihani, halafu uje ufunge mkanda.

Anayekungoja pamoja na gari lake,
Mjomba wako, Mfalme wa Winchi