Mavyaa Aliyegombana na Mtaa Mzima

Mpendwa Mavyaa,

Leo nimecheka peke yangu jikoni hadi watoto wakaja kuuliza kulikoni. Nilikukumbuka wewe, mama wa mume wangu, na ile homa ya mafua iliyoingia Temeke zama za Mwingereza, mimi nikiwa ndani na kichanga. Ulipokuwa hai tuliishi nyumba moja, sikuwa na haja ya kukuandikia. Basi acha nikuandikie sasa.

Wakumbuka? Mjukuu uliyemngoja miaka, mtoto wa kwanza wa mwanao wa pekee, kitovu kilikuwa bado hakijadondoka mtaa ulipoanza kukohoa. Wengine walisema ni vumbi, wengine upepo wa kusi. Wewe ukafukiza ubani tangu ukumbini hadi uani, tukakohoa kwa moshi kabla ya homa yenyewe. Na kila nyumba yenye mgonjwa ulikwenda kumjulia hali, maana kwako asiyekwenda kwa mgonjwa hakuwa mtu. Ulikalia kitanda chake, ukamshika mkono, ukanywa kahawa kwa kikombe chake. Jioni unarudi kumpakata mjukuu.

Aliyekufungua macho ni Bi Tatu wa nyumba ya pembeni, aliyekosana na kila mtu hata hakuna aliyebisha hodi kwake. Ulimwona anafagia uwanja wake huku anaimba, mzima wa afya. Ukarudi ndani umeshangaa. "Mbona huyu hajaugua? Upepo si unavuma hata kwake?" Kisha ukasema, "Kumbe homa haiji na upepo. Tunapelekeana sie wenyewe."

Kumwambia jirani asije kumwona mtoto ingekuwa aibu isiyofutika. Lakini ugomvi, nani hajawahi kugombana? Ukatoka barazani ukaanza. Mama Zuhura ulimwambia kuku wake wamekula mpunga wako, na mpunga wenyewe hukuwa nao. Mwenye duka ukamwambia sukari yake ina mchanga. Kufika adhuhuri hapakuwa na mtu wa kukanyaga kwetu, na mimi nikadhani umepatwa na wazimu.

Kesho yake asubuhi ukakohoa, mara moja tu. Ukanigeukia mimi.

"Uji gani huu wenye madonge? Huko kwenu bara hamjui hata kubembeleza mtoto? Mie chumba hiki sikanyagi tena!"

Ukabeba mkeka wako ukahamia jiko la uani. Nililia, Mavyaa. Mama yangu alikuwa mbali, Upare, nami niliamini nimekupoteza na wewe. Mwanao aliniletea chakula mlangoni, nikimuuliza nimekosa nini ananiambia nile kwanza. Na huko uani nilikusikia unakohoa, unapiga chafya, na katikati ya chafya unamwimbia mtoto kwa sauti ya juu. Sikuelewa mtu mwenye hasira anaimbaje vile.

Homa ilipokuachia na kikohozi kikaisha, ulioga, ukavaa kanga safi, ukaingia bila hodi. Ulimchukua mjukuu ukamnusa shingoni mpaka akapiga kelele. Ukanieleza yote. Nikakuuliza mbona hukuniambia mapema.

"Ningekwambia, ungenihurumia ukaniita ndani. Na mie ningeingia, wallahi!"

Arobaini ilipotimia tulizunguka mtaa kuomba radhi, wewe mbele, mtoto begani. Mama Zuhura alicheka hadi akakaa chini, kisha akadai alipwe kwa matusi yale kwa kumpakata mtoto mpaka achoke. Tukiwa njiani kurudi nikakutania kwamba kwa mtu aliyekuwa akiigiza ulitukana vizuri mno. Ukasimama.

"Wale wengine nilikuwa nikistarehe, mwanangu. Kukutukana wewe ndiko kulikonitoa machozi."

Mjukuu wako sasa ni mama wa watu, na akigomba ni sauti yako tupu. Siku hizi mtu akipata mafua tunamwambia akae kwake, naye haoni vibaya. Mimi nimekuwa mavyaa pia, na mke wa mwanangu ananiogopa kama nilivyokuogopa. Nakukumbuka sana, na nilikupenda kuliko nilivyowahi kukwambia. Tangu jioni ile njiani sikuona tena kwamba mama yangu yuko mbali.

Lala salama, Mavyaa.

Mimi mkweo wa uji wenye madonge,
Mama Hadija