Mama wa Mdoli

Mwenzangu, kitendawili! Mikono mingi, kichwa hakuna. Fikiri, nami nikusimulie.

Si leo mjukuu wangu daktari alikuwa anapimwa kama anaweza kuongoza wenzake chumba cha dharura? Mgonjwa ni mdoli, na mimi nimepewa kuwa mama wa mdoli! Mtahini akaniambia, "Bibi, wewe lia tu, uulize nani kiongozi hapa."

Mara skrini ikaonyesha moyo wa mdoli umesimama. Weee! Mjukuu wangu akaruka kusukuma kifua mwenyewe. Na jana ni yeye aliyenieleza kwamba kiongozi hashiki kitu, husimama akaona wote! Wauguzi wawili wanavuta sindano ileile, wa tatu anashangaa tu.

"Nani kiongozi hapa?" nikauliza. Mikono tu, kila mmoja na lake.

Mtahini anatikisa kichwa, anaandika. Mjukuu akifeli, anarudia mwaka mzima!

Sasa nalia kweli, mwenzangu. "Jamani, nani kiongozi hapa?"

Mjukuu akaniangalia. Akaachia kifua, akarudi nyuma hadi miguuni pa kitanda.

"Wewe sukuma. Wewe sindano. Wewe tazama saa."

Kisha akanigeukia.

"Mimi, bibi. Kiongozi ni mimi."