Maswali Ishirini Niliyoyaacha

Dada Perlita,

Natumaini joto la Riyadh halijakuchosha. Hapa nyumbani Iloilo mvua haikatiki. Jana Mama aliniuliza, "Mbona huli, mwanangu? Matokeo yatatoka tu." Nikamjibu nimeshiba.

Wewe nitakueleza. Siku ya mtihani wa leseni ya uuguzi, msichana wa dawati la mbele alianguka kifafa. Msimamizi akasema, "Kaeni, daktari anaitwa." Nilikaa. Kisha nikainuka, nikamlaza ubavu, nikabaki naye sakafuni mpaka akatulia. Niliporudi kwenye karatasi yangu, muda haukunitosha. Maswali ishirini sikuyagusa.

Matokeo yametoka leo asubuhi. Jina langu halimo. Mchana msichana yule, Nenita, alikuja na keki ya mchele.

"Langu pia halimo," akasema. "Novemba tukirudia mtihani tukae jirani tena, lakini safari hii usiniangalie."

Tulicheka, dada. Sikumwambia kwamba kinachoniuma si yale maswali, ni ile dakika nzima niliyobaki nimekaa, naye yuko chini.

Nikishaifunga bahasha hii, nakwenda jikoni kumwambia Mama haya yote.

Mdogo wako,
Lualhati