Tovuti ya Mama Mungai

Huruma, Eldoret

Mungai ndugu yangu,

Huku baridi imezidi, kwa hivyo sweta za shule tunazofuma zinatoka vizuri. Jino la mbele la Shiko wangu limeng'oka.

Benta wa duka jirani anataka tuhamie zile tovuti za kujitengenezea kwa simu, niwe nabadilisha mambo mwenyewe. Nilimfokea. Hii yetu uliiandika wewe, mstari kwa mstari, ukasema zile zingine ni za wavivu. Lakini ni wewe tu unayeweza kuirekebisha, na hujashika simu nikikupigia tangu tumzike Mama bila wewe.

Picha ya Mama bado iko pale kwenye tovuti, na namba yake, ambayo sasa naishika mimi. Wateja wanapiga wakiuliza, "Ni Mama Mungai?" Mwanzoni nilikuwa naeleza. Siku hizi naitika, kisha nauliza wanataka sweta ya saizi gani.

Dada yako,
Kabura