Niliandika "Ajali" ili Niwasitiri

Mpendwa mshauri wetu, Mzee Wakil, baada ya salamu nnaomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Mimi ni muuguzi wa mapokezi katika hospitali moja hapa mjini Unguja, kazi yangu ni kumwandika mgonjwa kwenye daftari pamoja na kilichomleta, na miaka sita nyuma mama mmoja alimleta kijana wake aliyejiumiza kwa makusudi, akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, andika kaanguka, nisitirie mtoto huyu," nami nikaandika "ajali", na tangu hapo kila familia iliyoniomba nimeifanyia vivyo hivyo nikiona nachuma thawabu.

Sasa hapa kwetu yuko daktari wa maradhi ya akili, Dk. Nasima, ambaye miaka kumi na mbili ya kazi yake ameitia kwenye utafiti wa jambo moja tu, namna ya kumhudumia kijana aliyejiumiza ili asirudie tena, na utaratibu wake ni kwamba kila aliyeandikwa kajiumiza hupigiwa simu ndani ya wiki, huitwa chumba cha vijana, husikilizwa, kisha hufuatiliwa mwaka mzima, na majina yote anayatoa kwenye daftari langu. Juzi alikuja mezani kwangu akasema, "Sista, vijana wamepungua mno. Ama tumefanya kazi nzuri, ama kuna kitu sikioni." Nikamjibu, "Alhamdulillahi, Daktari." Akacheka, akasema, "Wewe unashukuru, wenzako wanataka kunifungia chumba, wanasema hakina wagonjwa."

Mwisho wa mwezi atawasomea wakubwa matokeo yake, na wiki iliyopita bibi mmoja wa Kizimkazi kamleta mjukuu wake Maisara, msichana wa miaka kumi na sita, kwa mara ya tatu, akanambia, "Kaanguka tena, sista, na watu wa posa wanakuja baada ya Idi," nami nikaandika "ajali" kwa mara ya tatu. Nikisema kweli familia zitaaibika, mimi nitafukuzwa, na utafiti wa daktari utaonekana upuuzi, na nikinyamaza chumba kitafungwa. Nifanye nini?

Muuguzi, Mbweni

Mwanangu muuguzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili na sikuona mtu mbaya ndani yake. Umebeba siri za watu miaka sita peke yako, na mzigo huo najua ni mzito. Lakini niruhusu nikueleze neno moja, maana limekuchanganya wewe na wengi wetu.

Kumsitiri mtu ni kumfunika asionwe na wasiohusika. Mgonjwa huvuliwa nguo mbele ya daktari na hakuna anayesema kavunjiwa heshima, kwa sababu daktari anahusika. Wale mama na bibi walikuomba uwafichie watoto wao kwa majirani. Wewe ukawaficha kwa tiba. Daftari la hospitali halisomwi Forodhani mbele ya watu wanaopunga upepo, mwanangu. Hilo bibi wa Kizimkazi halijui, basi ana udhuru. Wewe unalijua. Na ile "Alhamdulillahi" uliyomjibu daktari haikuwa shukrani, ulikuwa uongo, na mwenyewe umeutambua ndiyo maana ukaniandikia.

Nenda kwa Dk. Nasima, mkae wawili, umweleze yote. Usiliguse daftari la zamani kwa kalamu wala kwa kifutio, utaharibu hata kilichosalia. Mwambie ni wangapi unaowakumbuka, na habari ya majina mwachie yeye, kwani utafiti una taratibu zake za kuomba idhini ya wagonjwa na wazee wao. Wala usihofu kwamba miaka yake kumi na mbili itapotea. Mtafiti akionyeshwa kosa liko wapi hulieleza ndani ya ripoti yake na kuendelea. Alishakwambia kuna kitu hakioni, ila hakujua anamwambia nani. Wakubwa nao wakijua kwamba wagonjwa wapo ila hawakifikii chumba, watakuwa na jambo jengine la kujadili.

Kazi yako sitokuahidi kwamba itasalimika. Huenda ukapata onyo, huenda zaidi. Majina nimeyabadilisha, lakini daktari naye husoma magazeti, basi mwendee kabla hajakujia. Na akija bibi mwengine na ombi kama lile, mjibu kwa upole, "Bibi, jirani hatosikia kwangu, lakini daktari lazima ajue."

Nimelibakisha mwisho lililonisikitisha zaidi. Umeniuliza habari ya familia, ya kazi yako na ya utafiti. Habari ya Maisara hukuniuliza. Msichana aliyeletwa mara tatu, na mara zote tatu akarudishwa nyumbani bila ya mtu kumpigia simu, hawezi kungoja mwisho wa mwezi. Nambari ya bibi yake unayo. Mwambie bibi huyo kwamba daktari lazima amwone mtoto leo, na kwamba wewe mwenyewe utampokea mlangoni. Hadi wafike, asiachwe peke yake. Akifika usimpe mawaidha. Muulize waziwazi kama bado ana fikra za kujiumiza, kwani kuulizwa hakumtii mtu fikra asiyokuwa nayo, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa tu. Msikilize, kisha mshike mkono umpeleke kwa Dk. Nasima.

Maungamo yako yanaweza kungoja saa mbili tatu. Weka gazeti chini, upige simu.